Asali Isiyo na Jina

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kila anapotokea kijana wa Mpanda akasema anataka kujulikana kwa kuandika katika blogu, methali hiyo ndiyo ya kwanza kutupiwa. Anaambiwa atulie, afanye kazi, sifa zitamfuata zenyewe. Methali ni ya kweli na sina nia ya kuibishia. Ila ilizaliwa sokoni, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wanasimama hatua mbili wakitazamana. Mnunuzi wa mchele anachota ujazo wa kiganja, anaupuliza vumbi, anatafuna punje mbili, anajua. Katika soko la namna hiyo mchele mzuri hauhitaji msemaji. Sasa mchele ukiwa Usevya, hapa Katavi, na mnunuzi yuko Dar es Salaam, nani atampulizia vumbi? Nani atamtafunia punje? Hapo kizuri kimekosa macho ya kukitazama, na kitu kisichoonekana hakijiuzi hata kingekuwa dhahabu. Leo nataka kujenga hoja moja tu: mtu wa Katavi anayetaka kujijengea jina kwa kuandika ana mtaji ambao mwenzake wa jiji kubwa hana, na mtaji huo ni uhaba wenyewe wa habari za Katavi. Hilo la kujijengea jina, watu wa biashara wanaliita chapa binafsi. Mimi nitaliita jina, kwa sababu ndilo neno tulilokuwa nalo tangu zamani, nalo linabeba uzito zaidi.

Ushahidi wa kwanza uko barabarani tu, ukitoka Mpanda kwenda Sumbawanga. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Kiangazi kikikolea, Mto Katuma hukauka hadi kubaki madimbwi, na pale Ikuu viboko kwa mamia hujazana katika tope moja, mgongo juu ya mgongo, madume yakipigana kugombea nafasi ya kulowesha ngozi. Nyati hushuka mbugani kwa makundi makubwa. Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju ambao watu wa eneo hili wameuheshimu tangu enzi kwa ajili ya Katabi, mzimu wa mwindaji ambaye hifadhi, na baadaye mkoa, vimechukua jina lake. Yote hayo yapo, na ni mazuri kuliko ninavyoweza kuyaeleza redioni. Lakini muulize Mtanzania wa kawaida akutajie hifadhi tatu, uone kama Katavi itakuwamo. Atataja Serengeti, atataja Mikumi kwa kuwa basi lilipita katikati yake, na pengine Manyara. Najua umbali na nauli vina sehemu yake katika jambo hili, tena kubwa. Hata hivyo umbali unaeleza kwa nini watu hawaji. Hauelezi kwa nini hawajui. Serengeti wengi wetu hatujafika pia, na bado tunaijua, kwa sababu imeandikwa na kupigwa picha na kusimuliwa miaka nenda rudi. Uzuri wa Katavi umekaa zaidi ya miaka 50 ndani ya hifadhi, ukijiuza kwa kimya, na kimya hakijaleta wanunuzi.

Mji wa Mpanda nao umewahi kuwa na jina, kisha ukalipoteza. Reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, ililetwa hapa na Waingereza kufuata madini ya risasi ya Uruwira, ikafika mwaka 1950. Katika miaka ile Mpanda ilikuwa neno linalotamkwa katika ofisi za London. Mgodi ulipofungwa miaka kumi baadaye, reli ilibaki, watu walibaki, jina likaondoka na mashine. Kwa miongo mingi iliyofuata, mtumishi wa umma aliyepangiwa kazi huku alipewa pole na jamaa zake kana kwamba amefiwa. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jina lilivyo: lile la mji lilikuwa limeandikwa na wengine, kwa sababu zao, na sababu zao zilipokwisha hapakuwa na mwenyeji aliyekuwa ameandika lake la kulishika. Leo hali imegeuka. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Watu wameongezeka maradufu katika miaka kumi. Wamo wageni waliohamia, wengi wao wakulima na wafugaji, wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wapo walimu na wauguzi, na kila mmoja kabla ya kufunga mzigo aliuliza maswali yaleyale: ardhi ikoje, maji yako wapi, mpunga unapandwa lini Mpimbwe, shule iko umbali gani, treni inatoka Tabora siku zipi. Aliwauliza kina nani? Aliuliza shemeji, aliuliza utingo wa basi. Maswali yapo kwa maelfu. Anayeyajibu kwa maandishi, kwa ukweli na kwa mfululizo, huyo jina lake litajijenga.

Nasema hivyo nikiwa na mfano mkononi. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa Marekani wakati huo, alianza kuandika blogu ya Kiswahili aliyoiita Jikomboe katika mwaka 2004, wakati ambapo watu wengi nchini hawakuwa wamelisikia hata neno lenyewe. Alijulikana kwa kuwa alifanya kitu ambacho hakikuwapo: alizungumza na Waswahili kwenye intaneti kwa lugha yao. Yeye na wenzake waliumba hata msamiati, wakasema magazeti tando, wakabishana kama waandike neno blogu au neno jingine. Septemba 2005, mjini Helsinki, mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi alifungua blogu yake, Ndesanjo akiwa mmoja wa waliomwonyesha njia. Michuzi alikuwa na kamera na alikuwa na Dar es Salaam. Nje ya nchi walikuwako Watanzania ambao hawakuwa na njia nyepesi ya kuona nyumbani kulikoje wiki ile. Akawapa harusi, misiba, mikutano, mitaa iliyofurika maji, mtu aliyeonekana uwanja wa ndege. Wasomaji akawaita wadau. Wao wakamwita Ankal. Kazi yenyewe ya kuendelea bila kuchoka akaiita libeneke, na blogu yake akaiita Globu ya Jamii. Tazama jinsi maneno manne tu, yanayorudiwa kila siku bila kubadilika, yalivyompa mtu sura ambayo hata asiyewahi kumwona angemtambua. Hakukuwa na kampuni ya matangazo iliyomtengenezea. Kulikuwa na picha mpya kila siku, miaka na miaka, na msemo wake mwenyewe.

Wengi waliomtazama Michuzi walijifunza somo lisilo lake. Waliona umaarufu wakadhani umetokana na kuweka habari za Dar es Salaam mtandaoni, basi nao wakaweka habari za Dar es Salaam mtandaoni. Zikazuka blogu nyingi, kila moja ikinakili kichwa cha habari cha mwenzake, picha ileile ya waziri akikata utepe ikionekana mahali kumi kwa saa moja. Nyingi zimekufa. Hazikufa kwa sababu waandishi wake walikuwa wavivu. Baadhi walilala saa nane za usiku wakibandika. Zilikufa kwa sababu walichouza kilikuwa tele. Mwaka 2005 picha ya Kariakoo ilikuwa adimu kwa mtu aliyeko Reading au Houston. Leo Kariakoo ina simu za kamera nyingi kuliko mizani. Thamani aliyokuwa nayo Michuzi ilikuwa ya kusimama mahali ambapo wengine wanataka kuona na hawaoni. Mahali hapo pamehama. Kwa mtazamo wangu pamehamia Inyonga, Karema, Mishamo, Majimoto na vijiji kama hivyo, na mwandishi wa Mpanda anayeamka kunakili udaku wa wasanii wa jijini ameacha shamba lake lenye rutuba akaenda kulima kokoto za jirani. Sasa kuna jambo la ziada linaloipa hoja hii nguvu. Kompyuta zimeanza kuandika zenyewe. Ukitaka makala ya faida kumi za asali, mashine itakupa kabla hujamaliza kupiga chafya. Haitaweza kukuambia nini kilitokea kwenye mizinga ya mtu fulani wa Mlele msimu uliopita, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuangalia akaandika.

Niikaribie asali hiyo kidogo, maana ndiyo mfano ninaoupenda. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, ni nchi ya nyuki. Misitu ya miombo inaizunguka pande zote, na wapo warina asali ambao bado hutengeneza mizinga ya magome na ya magogo kama walivyofanya baba zao, wakaitundika juu mtini, na wengine sasa wanatumia mizinga ya masanduku. Asali ile inaingia kwenye madumu, madumu yanapanda lori, lori linashuka Dar es Salaam, na huko asali inamiminwa kwenye chupa na kuuzwa. Mnunuzi akiuliza imetoka wapi, ataambiwa Tabora, kwa sababu Tabora ndilo jina linalojulikana kwa asali. Hakuna aliyeiba. Tabora ni jirani, ina asali nzuri yake, na ilisemwa mapema. Sasa fikiria kijana wa Inyonga anayeandika mara moja kwa wiki, kwa Kiswahili cha wazi. Wiki hii anaandika kwamba mvua zilichelewa kukatika, kwa hiyo maua ya miti fulani yalipukutika kabla nyuki hawajashiba, na anaweka picha ya ua lenyewe likiwa kiganjani. Jina la mti analitaja kwa Kikonongo na kwa Kiswahili. Wiki inayofuata anaeleza tofauti ya asali iliyorinwa masega yakiwa yamefungwa na ile iliyorinwa mapema ikachacha dumuni, na namna ya kuzijua kwa jicho na kwa ulimi. Wiki ya tatu anataja bei ya ndoo aliyolipwa mrina na bei ya chupa aliyoiona dukani, bila kumtukana mtu, namba tu. Baada ya misimu miwili, nani nchini atakuwa anaijua asali ya Mlele kuliko yeye? Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayefanya utafiti atamtafuta. Mwenye kiwanda kidogo Morogoro atamtafuta. Mwandishi wa gazeti atamtafuta. Na hajaandika hata sentensi moja ya kujisifu.

Jambo hilo la mwisho linanifikisha kwenye pingamizi zito kuliko yote, la adabu. Wapo wanaosema, na nawaheshimu, kwamba kujitangaza ni aibu. Kwamba mtu muungwana hujadiliwa na wengine, hajijadili mwenyewe. Ninakubali kabisa kwamba blogu nyingi zinastahili lawama hiyo. Picha ya mwandishi juu, picha ya mwandishi chini, maneno ya hamasa katikati, na msomaji anaondoka kama alivyokuja. Lakini tofauti kati ya kujisifu na kujulikana tunaijua, tena tuna mfano wake katika ardhi ya mkoa huu. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni akauzwa mtumwa, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa uganga wa hospitali huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60 ya dawa na vidonda na homa. Alipozeeka alieleza maisha yake kwa maandishi, na maelezo hayo yakachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Je, alikuwa akijitembeza? Alikuwa akiwaachia watu ushahidi wa kazi. Bila ushahidi ule tungebaki na kumbukumbu za mdomo, ambazo kila mzee anapozikwa hupungua ukurasa. Kazi ilitangulia, maandishi yakafuata, jina likatoka kwenye vyote viwili pamoja.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, na wengi wenu mnamkumbuka vizuri. Mizengo Pinda wa Kibaoni, hapahapa Katavi, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi 2015, alijiita mtoto wa mkulima. Sitaki kuingia kwenye siasa za wakati ule. Nataka tulitazame jina tu. Ni maneno matatu yanayoeleweka na mtoto wa darasa la pili. Hayakusema yeye ni hodari, wala ni mwadilifu, wala ni mchapakazi, maana hayo msikilizaji huyapokea kwa shaka. Yalisema anatoka wapi, na mtu akienda Kibaoni anaweza kuhakikisha. Kisha akaonekana akihimiza kilimo na ufugaji wa nyuki mwaka baada ya mwaka, hivyo jina likawa na mizizi ya kulishikilia. Wanasiasa wangapi wamejipa majina makubwa ya simba na vifaru ambayo hayakudumu hata kampeni moja? Anayeandika kuhusu Katavi anaweza kujifunza hapo: jina linalokaa ni lile ambalo mtu anaweza kulifuata hadi mlangoni akalikuta ni la kweli.

Pingamizi jingine linatoka kwa vijana wenyewe. Wanasema blogu ni mambo ya zamani, watu wako TikTok na Instagram na makundi ya WhatsApp, nani ana muda wa kusoma? Sehemu ya maneno hayo ni sahihi. Idadi ya watu wanaofungua blogu asubuhi kama wanavyofungua gazeti imeshuka, na mtu anayeanza leo asitarajie umati aliokuwa nao Michuzi. Video fupi inafika mbali kwa haraka, itumike. Lakini jiulize video ya juzi iko wapi leo. Imezikwa chini ya nyingine elfu, na hakuna njia ya kuiuliza swali. Maandishi yaliyokaa kwenye ukurasa wake, yenye kichwa cha wazi, yanatafutika. Mtu akiandika kwenye kitafutio mpunga Mpimbwe unapandwa lini, kitakachomjibu ni maandishi, hata kama yaliandikwa miaka minne iliyopita saa tano usiku. Vilevile ukurasa wa mtandao wa kijamii ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, umelala nje na vyombo vyako ndani. Video iwe mpiga debe, maandishi yawe gari lenyewe. Na umati hauhitajiki kwa kiasi tunachodhani. Ory Okolloh alikuwa akiandika juu ya siasa za Kenya katika blogu yake, Kenyan Pundit, kwa Kiingereza, kwa wasomaji ambao hawakuwa mamilioni. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, mwanzoni mwa Januari 2008 alipendekeza hapohapo kwenye blogu kwamba wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mahali vurugu zinapotokea. Ndani ya siku chache watu walijitokeza, na ukazaliwa Ushahidi, mfumo ambao baadaye umetumika katika nchi nyingi duniani. Wazo lile lingesemwa na mtu asiyejulikana, lingepita. Lilishikwa kwa sababu wasomaji wachache lakini sahihi walikuwa wamekwisha kumwamini.

Kuhusu sheria nisifiche ukweli. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kwa mkulima mdogo wa Nsimbo hiyo ni zaidi ya msimu mzima wa jasho, na Juni ya mwaka huo baadhi ya tovuti zilizima taa zake. Kwa maoni yangu kiwango kile kilikuwa kosa, kwa sababu kiliwafunga midomo watu wa pembezoni ambao hawakuwa na tatizo lolote na mtu, huku wenye fedha wakiendelea. Kanuni zilifanyiwa mabadiliko mwaka 2020 na tena 2022, hivyo anayetaka kuanza asitegemee alichosikia miaka ile. Aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ni kundi gani la maudhui linahitaji leseni sasa, na apate jibu kwa maandishi. Tena aijue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hasa katika habari asizokuwa na uhakika nazo. Hapa mwandishi wa asali na mpunga ana nafuu yake: anayesema alichokiona kwa macho, akataja siku na mahali, akaomba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, amejikinga kuliko anayesambaza alichotumiwa na rafiki wa rafiki. Kinga hiyohiyo ndiyo inayojenga jina. Kosa moja la kubandika uvumi linaweza kufuta kazi ya miaka mitatu, hasa katika mji ambao watu wanajuana hadi kwa baiskeli.

Halafu kuna suala la fedha, na katika hili nawaomba vijana wasidanganyike. Matangazo ya mtandaoni hayatamlisha mtu anayeandika kwa Kiswahili juu ya Mlele. Anayewaambia vinginevyo mara nyingi anauza semina. Kinacholipa ni kile ambacho jina linakileta mlangoni. Miriam Rose Kinunda aliandika mapishi ya Kitanzania mtandaoni kwa miaka, akipima vikombe na vijiko vya vyakula ambavyo mama zetu hupika kwa makadirio, na mwishowe mapishi yakawa kitabu. Mwandishi wa hifadhi ataitwa kuongoza wageni. Mwandishi wa mpunga atapigiwa simu na mnunuzi anayetaka tani kadhaa na hajui aanzie kijiji gani. Katika Wilaya ya Tanganyika vipo vijiji vinane vinavyolipwa fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao ya milimani, ambako sokwe bado wanaishi. Waandishi husafirishwa kutoka mbali kuja kuona madarasa na zahanati zilizojengwa kwa fedha hizo. Wanakaa siku mbili, wanarudi. Mwenyeji ambaye angeandika jinsi mkutano wa kijiji unavyobishana juu ya matumizi, nani anadoria msituni, moto unaingia kutoka upande gani Septemba ikifika, angekuwa ndiye mtu wa kwanza kutafutwa na kila mgeni anayefuata. Nafasi hiyo, kadiri inavyoonekana kutoka nje, iko wazi.

Tusisahau lugha pia. Ningependa mwandishi wa Katavi aandike Kiswahili kwanza, na aweke maneno ya Kipimbwe, Kibende, Kikonongo na Kitongwe kila anapotaja mti, samaki, upepo au chakula, pamoja na maana yake. Anayeandikia watalii wa ng'ambo ataongeza Kiingereza, ni sawa. Lakini nusu ya maarifa ya nchi hii imelala ndani ya majina hayo, na kuna aina za miti ambazo vijana wa mjini Mpanda wanaziita zote mti tu.

Basi msikilizaji uliyeko Inyonga, Ilunde, Usevya, Karema au Mishamo, kama umewahi kufikiria kuandika, chagua jambo moja ambalo jirani zako hukuuliza wewe kabla hawajamuuliza mwingine. Liandikie maneno 300. Taja siku, taja mahali, taja bei, weka picha moja uliyoipiga mwenyewe, na chini yake uweke jina lako kamili. Wiki ijayo andika jingine juu ya jambo lilelile. Mavuno ya asali yakianza, anza na mzinga mmoja: uko mti gani, ulitundikwa na nani, umetoa kilo ngapi. Na dumu likipanda lori la Dar es Salaam, andika juu yake kwa kalamu isiyofutika kwamba asali hii imetoka Mlele, Katavi.